Tulifyeka Kabla ya Kuhesabiwa

Watu wengine wakisikia serikali inakuja kuhesabu mali yao, wanaiongeza. Huko upande wa chini wa reli, nilisikia watu walipanda miparachichi wiki moja kabla ya hesabu na kujenga vibanda vya kuku visivyo na kuku hata mmoja. Sisi tulifyeka. Tulikata napia yetu ya kulisha mifugo, tukang'oa kabeji zetu, tukabomoa mazizi ya ng'ombe wetu kwa mikono yetu wenyewe, tukapaka mawe chokaa, kisha tukaketi kungoja makarani wa serikali waje wasikute kitu. Nikisema sisi, namaanisha mama yangu na majirani zake. Mimi siku hiyo nilikuwa Gatitu nikisaga mahindi ya watu, na kama ningekuwepo, pangewaka moto.

Mama aliishi kwenye nyumba za reli, katika stesheni ndogo kati ya Karatina na Naro Moru. Ni safu moja ya vyumba vya mawe vyenye mabati mekundu, na nyuma yake kuna ukanda wa ardhi ya reli unaofika hadi kwenye mataruma. Baba alimleta hapo mara tu walipooana. Alikuwa mfanyakazi wa gengi, lile kundi la wanaume waliotunza reli kwa sururu na nyundo. Shamba hatukuwa nalo kwingine. Baba alikuwa kitinda mimba wa mke wa pili, na ardhi ya babu iliisha kabla zamu yake haijafika.

Kila gengi lilikuwa na kipande chake cha reli, na kipande hicho ndicho kilikuwa heshima yake. Kokoto zipangwe, nyasi zifyekwe, mawe ya mpakani yang'ae kwa chokaa. Mara kwa mara mkaguzi alipita ameketi juu ya trole, kile kigari kidogo cha kusukumwa relini, na gengi lenye kipande safi kuliko mengine lilituzwa. Gengi la baba liliwahi kushinda, na kila mke akapewa sufuria kubwa. Ya mama bado ipo. Imezibwa matundu mpaka sasa viraka ni vingi kuliko sufuria yenyewe, lakini chai ya harusi yangu ilipikiwa humo, na mtu akithubutu kusema inunuliwe nyingine, mama hukunja uso siku nzima.

Nilikua nikijua maana ya siku ya mkaguzi. Asubuhi nguo zilianuliwa hata kama zilikuwa bado mbichi. Watoto tulioshwa miguu. Kuku walifungiwa ndani, kana kwamba mkaguzi hajawahi kumwona kuku. Trole ilipopita, wanaume walisimama wima pembeni, na yule mkubwa wao, nyapara, akavua kofia. Kisha tulingoja kuona kama mkaguzi atatikisa kichwa kukubali. Akitikisa, nyama ililiwa.

Halafu treni ikaacha kuja. Baba alistaafishwa, akafa baada ya miaka michache. Stesheni masta aliondoka na funguo zake. Wengi wa gengi walirudi kwao, Ukambani na magharibi, lakini nyapara hakurudi. Kwao ni Kakamega, ila alisema hawezi kuacha reli ya serikali peke yake. Kila asubuhi alitembea kwenye kipande chake na nyundo begani, akigonga hapa na pale, hali hakuna treni wala mshahara. Huko kwingine walanguzi wa vyuma chakavu waling'oa reli wakaenda nazo. Kwetu hawakugusa hata msumari. Nilimcheka yule mzee utotoni, na nilipokuwa mtu mzima nikaacha kumcheka.

Wanawake nao walikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo wakaanza kulima ule ukanda. Kabeji, sukuma wiki, viazi, napia ya ng'ombe. Mama alijenga zizi nyuma ya nyumba, akafuga ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyonisomesha. Nyapara mwenyewe alikuwa na zizi lake. Kati ya reli mbili hakuna aliyepanda kitu, na mpaka wa mawe meupe ulibaki mahali pake. Kila mtu alijua kwamba ardhi ni ya reli na kwamba sisi tumejishikiza tu, lakini ukijishikiza mahali miaka yote hiyo, pale ni kwako.

Treni iliporudi, mama alilia. Alikimbia nje na mwiko mkononi akasimama kando ya reli akipunga, na dereva akampigia honi. Tulisherehekea. Tulifikiri shida zimekwisha, kumbe zilikuwa zimepanda treni hiyo hiyo. Muda si muda tukasikia kwamba stesheni itapanuliwa iwe ya mizigo, na nyumba zetu zitabomolewa. Kwanza mafundi walikata bomba la maji. Tulikuwa tukichota kwenye mfereji ulio chini ya tangi kubwa lililonywesha treni za moshi zamani, maji safi kutoka mlimani. Sasa mama, na magoti yake yale, akawa anateremka mtoni na kupanda tena na mtungi mgongoni.

Chifu aliitisha baraza na kueleza mambo wazi kabisa, sina la kumlaumu. Makarani watakuja, alisema. Watahesabu kila kilichopo kwenye ardhi ya reli: mimea, mazizi, vibanda. Atakayekutwa na kitu atafidiwa na kupewa ploti ng'ambo ya barabara, penye maji. Watu walipiga makofi. Kisha wakarudi nyumbani, na nyapara akaitisha mkutano wake mwenyewe.

Sikuwepo, lakini mama alinisimulia, na kwa jinsi alivyosimulia ni kama bado alikubaliana naye. Nyapara aliwauliza kama wanataka wakubwa wa reli wakute ng'ombe amelala kwenye kipande kilichowahi kutuzwa. Aliwauliza waume zao, waliomo kaburini, wangesema nini. Akasema watu wataonekana wezi wa ardhi, na mwizi hapewi ploti. Afadhali wakute pasafi, wajue wanashughulika na watu wa heshima, kisha wataketi na kuelezana. Mama alichukua panga akaenda kwenye zizi lake. Ng'ombe alipelekwa kwa dada ya mama huko Mweiga. Mbao ziligawiwa majirani wa kule juu wazipasue kuni.

Nilifika siku moja baada ya makarani kupita, na unga na sukari, nikakuta stesheni inang'aa. Nilisimama nyuma ya nyumba nikitafuta zizi kama mtu aliyepotelewa na mlango wake mwenyewe.

Niseme kwamba mimi nimepewa jina la mama yake mama, ndiyo maana ananiita maitu, yaani mama yangu. Ni jina la mapenzi, lakini akitaka kunifunga mdomo pia hulitumia, maana utamkaripiaje mtu anayekuita mama?

"Maitu," akaniambia, "wewe ulitaka wageni wa reli wapate ng'ombe kwa reli?"

"Mama, walikuwa wanakuja kuhesabu hiyo ng'ombe."

"Si wangeuliza. Mtu akiniuliza, namwambia."

Hawakuuliza. Walitembea, wakaangalia, wakaandika, wakaondoka. Karani mmoja alikuwa amesema hajaona stesheni safi kama ile tangu waanze safari, na mama alinirudia maneno hayo mara mbili, akitabasamu. Nilipandwa na hasira hadi nikaenda kukaa kwenye kokoto peke yangu. Hasira yangu haikuwa kwa mama tu. Ilikuwa kwa ile trole, kwa yule mkaguzi wa zamani, kwa kila mtu aliyemfundisha mama yangu kwamba mgeni akija, yeye na vitu vyake wapishe.

Ripoti ilipotoka ilisema kwenye kipande chetu hakuna aliyeathirika. Ploti hakuna, fidia hakuna, maji hakuna. Tulipewa ilani ya kuhama. Nilimwambia mama aje tuishi naye Gatitu, akasema atakuja kunitembelea. Hapo nikajua kazi imeanza, kwa sababu mama yangu akikataa jambo, huwezi kumsogeza.

Tukaandika malalamiko kwa serikali. Mimi ndiye niliyeandika, wao wakatia sahihi na vidole. Tulidai maji yarudishwe, ploti, na fidia ya mazizi na mimea, na kwa nyapara na wenzake waliobaki, haki zao za kustaafu ambazo zimezungushwa miaka mingi. Uandishi haukuwa mgumu. Ugumu ulikuwa mmoja: tuseme nini kuhusu mazizi ambayo hayapo? Mimi nilitaka tuyajenge upya haraka na tuseme makarani hawakuona vizuri. Watu wa stesheni nyingine walitushauri hivyo hivyo, na walikuwa na uzoefu. Mama alikataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu akasema zizi liko, wakati mkono uliolibomoa ni huu wake. Tukaandika ukweli, kwamba tulikuwa na mali na tukaiondoa ili pawe safi. Nilipoisoma ile barua niliona aibu. Nani angeiamini?

Mvua za masika zikaja, na kamati ya kusikiliza malalamiko ikasema itafika baada ya mvua. Jumapili moja nilienda kwa mama, akanipakulia ugali na managu, ile mboga ya majani yenye tunda dogo jeusi. Ilikuwa nyingi na laini, na mama hana pesa za kununua managu sokoni. Nikamwuliza ameitoa wapi.

"Hapo nyuma," akasema. "Ng'ombe ndiye alipanda."

Niliacha sahani nikatoka nje. Kila mtu aliyekulia huku kwetu anajua kwamba managu hupenda mahali penye samadi, na thabai pia, ile mimea ya kuwasha. Nilikuwa nimelijua jambo hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Nyuma ya nyumba, katikati ya nyasi za kawaida, managu yalikuwa yamesimama hadi magotini, meusi kwa afya, na yalikuwa na umbo. Kuta nne. Mahali pa mlango palikuwa na upana wake. Kwenye kona alipofungwa ndama, thabai zilisongamana. Nikatazama nyuma ya nyumba ya pili, na ya tatu. Kila aliyebomoa zizi, zizi lake lilikuwa limerudi kijani kibichi. Nilicheka peke yangu mpaka mama akatoka kuona nimepatwa na nini.

Tulikubaliana na majirani kwamba asiguse mtu jani hapo, hata kwa mboga. Nyapara hakuwepo. Alikuwa ameenda Kakamega kumzika kaka yake, na alirudi jioni ya kuamkia siku ya kamati.

Asubuhi ile nilifika mapema. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mawe yote ya mpakani yalikuwa meupe kama yai. Nikajua ni kazi ya nyapara. Nilizunguka nyuma mbio, nikamkuta nyapara na koti lake la zamani la reli, amekunja mikono ya koti, fyekeo mkononi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amekwisha kumaliza. Managu yake yalikuwa yamelala chini, na sasa alikuwa amefika kwa mama.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa sauti ambayo haifai kutumiwa kwa mtu wa rika la baba, na hakunisikia, au alijifanya hasikii. Alisema wakubwa wako njiani na kichaka hiki kinatuaibisha. Mama alitoka jikoni na kigoda chake kidogo cha kukamulia. Hakupiga kelele. Aliingia katikati ya managu, akaweka kigoda mahali hasa alipokuwa akiketi kukamua, akakaa.

"Baba, hapa hutafyeka," akasema. "Tulifyeka mara moja, ikatosha. Leo wakubwa wapate uchafu."

Mzee alisimama. Aliangalia yale majani, akaangalia nyuma kwake alikokwisha kufyeka, na nikaona anaelewa. Hasira yangu iliisha palepale, nikamhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Kisha akasema basi angalau kokoto zipangwe, na akaenda kuzipanga.

Kamati ilikuwa na mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani, na pamoja naye alikuja afisa wa ardhi aliyesimamia ile hesabu. Afisa alisoma ripoti yake vizuri, bila dharau. Alisema waliangalia kipande chote na hapakuwa na zizi, mmea wala kibanda. Mwenyekiti akamwita mama, akamwuliza zizi lake lilikuwa wapi.

"Hapo nyuma. Nilitoa."

"Kwa nini ulitoa, mama?"

"Kwa sababu ninyi mlikuwa mnakuja."

Watu walicheka, hata waliokuja na kamati. Mama hakucheka. Alingoja wanyamaze, akasema kama wangependa kuliona, bado lipo, waje. Na akaanza kutembea bila kungoja jibu. Mwenyekiti akainuka. Wote wakainuka, wakamfuata mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu kuzunguka kona ya nyumba, na mimi nikawafuata.

Afisa wa ardhi alisimama ukingoni mwa managu. Alitembea polepole kufuata upande mmoja, akakata kona, akafuata upande mwingine. Alichuchumaa, akachimba kidogo kwa kidole, akanusa. Baadaye aliniambia kwamba amekulia karibu na Doldol, katika jamii ya wafugaji, na kwao boma likihama, mahali pake hujulikana kwa nyasi hata wajukuu wakikua. Lakini pale hakueleza hayo. Alikung'uta mikono akamgeukia mwenyekiti.

"Hapa palikuwa na ng'ombe," akasema. "Tena miaka mingi. Ripoti yangu ibadilishwe."

Nilitaka kupiga kelele za furaha, nikajizuia kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Walipita nyumba moja baada ya nyingine, afisa akipima kwa hatua zake na karani akiandika. Walipofika kwa nyapara, walikuta pamefyekwa, na rundo la managu limekusanywa pembeni vizuri, mashina yote upande mmoja. Afisa alimwuliza nini hiki. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Sikutaka mpate uchafu," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Afisa aliangalia visiki vilivyobaki ardhini, mstari kwa mstari, akapima zizi la nyapara kama alivyopima mengine. Kisha mwenyekiti akauliza ni nani ametunza reli hii wakati wote ule treni haikuwepo, na kabla mzee hajajibu, wanawake wote walimnyooshea kidole. Mwenyekiti alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Sidhani alijua alichofanya. Nyapara alisimama wima, na macho yake yalijaa machozi.

Maji yalirudi kwanza, hata kabla ya majibu, mfereji mpya chini ya tangi lile lile. Majibu yalipokuja, kila nyumba ilipewa ploti ng'ambo ya barabara, pamoja na fidia. Haki za kustaafu za wazee bado zinafuatiliwa. Mimi ndiye ninayezifuatilia, naenda mjini Nyeri kila mara, na wale wa ofisini wameshajua kwamba nikiketi kwenye benchi lao siondoki hivi hivi. Zitapatikana. Sisemi hivyo kujipa moyo, nasema kwa sababu nimeanza kuona nyuso zao zikichoka kabla ya yangu.

Siku ya kuhama, tingatinga lilifika asubuhi. Tulikuwa tumekwisha kubeba kila kitu, kitanda, sufuria ya tuzo, kigoda. Nilirudi kumwita mama nikamkuta amepiga magoti ndani ya chumba kitupu, anasugua sakafu kwa nta nyekundu, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nyumba inabomolewa sasa hivi. Kisha nikachukua kitambaa cha pili nikapiga magoti karibu naye, tukasugua pamoja hadi kizingitini.

Mama alisimama mlangoni akaikagua kazi yake. Kisha akamwendea dereva wa tingatinga, akamwomba angoje kidogo sakafu ikauke. Dereva alimtazama, akanitazama mimi, akazima injini.